Gari la zamani linanuka waya na fyuzi ni nzima: uanzie wapi?

Kama gari linanuka sasa hivi na uko barabarani, acha kusoma kwanza. Weka pembeni, zima injini, chomoa ufunguo, shusha watu, kisha fungua betri. Anza na waya ulioungwa kwenye bodi. Kwa magari mengi huo ni wa hasi, ila Land Rover zilizotoka kabla ya 1967 na magari kadhaa ya Kiingereza ya rika hilo yana chanya kwenye bodi, kwa hiyo ufuate waya kwa macho, usifuate mazoea. Spana ikigusa bodi wakati unafungua waya wa bodi, hakuna kinachotokea. Ikigusa bodi wakati unafungua ule mwingine, utachomelea spana. Moshi ukiwa unatoka chini ya boneti, usiifunue yote kwa pupa, maana moto uliokuwa unakosa hewa utaipata. Inua kidogo tu, upulize unga wa mtungi wa kuzimia kupitia mwanya huo. Maji achana nayo, humo mna petroli na mafuta. Mchanga wa kando ya barabara una faida kuliko ndoo ya maji. Namba ya Zimamoto ni 114.

Waliobaki ni wale ambao gari lao limetulia uani, leo halinuki kitu, ila jana usiku lilinuka. Hao ndio wengi, na ndio walio hatarini zaidi. Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Harufu ya waya ndivyo ilivyo: yaja leo, yaondoka leo, nawe unajipa moyo kwamba imekwisha.

Yangu ilinijia nikitoka Pangani na shangazi yangu. Gari ni Land Rover Series III ya mwaka 1976, ya petroli, niliyoinunua ikitoka kwenye shamba la mkonge njia ya Muheza. Giza lilitukuta karibu na Kigombe, nikawasha taa ful. Baada ya dakika kumi hivi nikasikia harufu. Haikuwa ya moshi, ilikuwa shombo. Shangazi alikuwa na kikapu cha samaki miguuni, nikamuuliza kwa adabu zote, "Shangazi, hao samaki si wa kulala kweli?"

"Samaki wangu wamevuliwa alfajiri, mwanangu," akanijibu. "Kinachooza humu ni gari lako."

Alikuwa na haki. Nilisimama, nikafungua kisanduku cha fyuzi kwa tochi ya simu. Zote nzima. Nikafunga, nikawasha gari, nikaenda zangu nyumbani na taa dimu, na harufu ikapotea yenyewe. Hapo nilifanya makosa mawili kwa mpigo, na yote mawili nitayaeleza mbele.

Pua kwanza, mita ya umeme baadaye

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, kaa ujiulize ulichonusa ni nini hasa, kwa sababu vitu vya umeme haviungui kwa harufu moja.

Ganda la waya likipata joto hutoa harufu kali inayochoma macho na kung'ang'ania kooni. Ganda hilo ni PVC, na ikiungua hutoa gesi yenye tindikali. Ndiyo maana macho yanawasha hata kabla hujaona moshi. Ukinusa hiyo, jua waya wenyewe umepata moto, ama kwa shoti ama kwa kubebeshwa mzigo usio saizi yake.

Shombo ni jambo jingine. Plastiki ngumu za swichi, soketi za balbu, vishikio vya fyuzi na sehemu za kuchomekea waya, zikipashwa moto polepole, nyingi hunuka kama samaki au kama mkojo. Kwa mtu wa pwani hiyo ni shida, maana harufu ya samaki haimshtui mtu. Ukipata shombo ndani ya gari na hujabeba samaki, tafuta kiungio au swichi. Waya uache kwanza.

Vanishi iliyoungua, ile harufu ya utamu uliochanganyika na uchungu, inatoka kwenye vitu vilivyosukwa waya wa shaba ndani: staata, alternata inayochaji betri, mota ya waipa, koili inayolisha plagi. Yai bovu ni betri inayochemshwa kwa kuchajiwa kupita kiasi. Hiyo usiiendee na kiberiti wala sigara, na usichomoe nyaya zake wakati bado inachemka, kwa sababu cheche moja inatosha kuipasua.

Kisha kuna harufu zinazojifanya umeme na si umeme. Klachi inayoteleza mlimani, breki iliyong'ang'ania, mafuta ya injini yanayodondokea ekzosi, majani makavu yaliyojikusanya chini baada ya kupita shambani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, lakini vipande vya viroba bado vinaruka barabarani na vikinasa kwenye ekzosi vinanuka sawasawa na waya. Niliwahi kuvunja dashibodi nzima kumbe ni kiroba. Kwa hiyo lala chini, chungulia kwanza. Ni bure.

Fyuzi nzima si ushahidi

Hili ndilo kosa langu la kwanza pale Kigombe, na ndilo ninaloliona kwa karibu kila mwenye gari la zamani: anafungua kisanduku, anaona fyuzi nzima, anapumua.

Fyuzi kazi yake ni moja, kukatika umeme unapopita kwa wingi kuliko kipimo chake. Haina habari kabisa na kiungio kibovu. Na kiungio kibovu hakiongezi umeme unaopita, kinaupunguza. Yaani kile kitu kinachokaribia kuwasha moto, kwa upande wa fyuzi ni kama mzigo umepungua. Inatulia tuli huku plastiki inayeyuka nusu mita kutoka ilipo.

Chukua taa mbili za wati 60 kila moja. Kwa volti 12 zinavuta ampea 10 kwa pamoja. Weka njiani kiungio chenye kutu, ukinzani wake uwe omu 0.1 tu, kiasi ambacho mita ya bei rahisi haikioni vizuri ukipima kwa omu. Hapo inapotea volti 1, na volti 1 kwa ampea 10 ni wati 10 za joto, ndani ya kitu kidogo kama punje ya mahindi. Fyuzi ya ampea 15 itakaa hapo mpaka Kiama.

Shoti yenyewe haina subira. Waya uliochubuka ukigusa bodi, fyuzi inakatika papo hapo, au kama hakuna fyuzi moshi unajaa ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo harufu inayokuja taratibu, ikakaa, ikaondoka, mara nyingi si shoti. Ni kitu kinachopitisha umeme wake wa kawaida kupitia mlango uliobana.

Halafu kuna habari ya kwamba fyuzi yenyewe huenda haipo. Kwenye magari mengi ya Kiingereza ya miaka ile, hili langu likiwemo, taa kubwa hazina fyuzi kabisa. Nilikuwa naangalia fyuzi za honi na waipa ili kuchunguza kosa la taa. Na pale zilipo, uziangalie kwa jicho la wasiwasi. Kuna iliyozungushiwa karatasi ya sigara, kuna iliyofungwa uzi wa waya. Kuna na hii wengi hawaijui: fyuzi ya kioo ya Lucas, kampuni ya Kiingereza ya vifaa vya umeme vya magari haya, iliyoandikwa 35 maana yake inakatika kwenye ampea 35, lakini kwa kazi ya kudumu ni ya ampea 17 tu. Ukienda dukani ukaomba ya 35 ukapewa ya mtindo mwingine, hiyo inabeba 35 saa zote bila kujali. Kwa hesabu ya karatasi hujabadilisha kitu, ila kwa hesabu ya waya umeondoa ulinzi. Weka ya 15.

Inanuka lini?

Swali hili lina thamani kuliko mita. Chukua daftari, uandike: injini ilikuwa inawaka au imezimwa, taa zipi zilikuwa zinawaka, mvua ilikuwepo, ulikuwa umetoka kupiga staata au umekwenda mwendo mrefu.

Inanuka wakati wa kupiga staata. Hapa mshukiwa wangu wa kwanza ni waya wa athi unaounga injini na chesisi, staata yenyewe inafuata. Injini ya gari imekaa juu ya raba, haigusi chesisi. Umeme wa staata, ambao ni ampea mia na zaidi, lazima urudi betri kwa waya mmoja mpana uliosukwa. Waya huo ukioza, na kwa hewa yetu ya chumvi unaoza, umeme hautakaa kusubiri. Utatafuta njia nyingine: kebo ya choki, kebo ya mafuta, bomba lolote la chuma linalounga injini na bodi. Ukishika kebo ya choki baada ya kupiga staata ukaikuta ya moto, umekwisha kupata jibu, usihangaike zaidi. Tibu athi kabla kebo haijayeyusha ganda lake juu ya kabureta. Ila kama athi ni nzima na kinachonuka ni vanishi, umeng'ang'ania ufunguo muda mrefu mno. Usipige staata zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo, uipumzishe.

Inanuka gari likiwa limesimama, injini imezimwa, ufunguo umewashwa. Koili. Vijana wanapenda kuwasha ufunguo wasikilize mpira redioni. Platini, vile vidole vinavyounga na kukata umeme wa koili, zikiwa zimefunga wakati injini imesimama, koili ya omu 3 inavuta ampea 4 mfululizo, karibu wati 48, bila kupumzika hata nukta moja. Inavimba, inavuja mafuta yake, inanuka vanishi. Na kuna makosa ya spea: koili ya omu 1.5 imetengenezwa ifanye kazi pamoja na kizuizi chake cha nje. Ukiifunga kwenye gari lisilo na kizuizi hicho inavuta maradufu, na itaungua hata ukiwa unaendesha. Pima omu zake kabla hujalipa. Muuzaji atakwambia koili ni koili.

Inanuka mwendo mrefu, kila kitu kimewashwa, au siku betri ilikuwa imelala ukasukumwa. Nenda nyuma ya alternata. Soketi ile inayochomekwa nyuma yake hubeba umeme wote wa gari, na vidole vyake vikilegea plastiki inageuka rangi ya kahawa. Ukiwa hapo pima betri injini ikiwa inaunguruma: volti 13.8 hadi 14.4 ni sawa, ikipanda 15 regyuleta, kile kidhibiti cha chaji, imekufa na ile harufu ya yai iko njiani. Wenye Land Cruiser za zamani zenye saa ya ampea kwenye dashibodi, angalieni pia skrubu mbili nyuma ya saa hiyo. Umeme mkubwa unazunguka mpaka mbele ya magoti yenu kabla ya kwenda popote.

Inanuka wakati wa mvua, waipa zikifanya kazi. Mota inavuta mzigo: grisi imekauka, viungo vya mikono vimekaza. Hainuki sana, lakini inanuka.

Inanuka ukipita matuta, abiria wakiwa nyuma, na gari ni Volkswagen ile ya umbo la kobe: simama. Betri yake iko chini ya kiti cha nyuma. Mfuniko wake ukipotea na mtu mzito akakaa, springi za kiti zinagusa vichwa vya betri, na ndani ya kiti kuna manyoya makavu. Hiyo sifanyii mzaha.

Inanuka usiku, taa zikiwashwa. Ndiyo yangu, na nadhani ndiyo ya wengi.

Na kama inanuka hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako, gari limeegeshwa? Hapo usilale ndani ya nyumba na betri imeungwa. Panya, kengele ya wizi iliyofungwa na mtu, redio, chaja ya simu iliyounganishwa kwa vile vibanio vya plastiki vinavyouma waya bila kuuchuna. Fungua betri kila jioni mpaka umpate mkosaji.

Kumfuata mpaka alipo

Nyaya za Lucas zina lugha yake ya rangi, na mtu akiijua anaokoa nusu siku. Kahawia unatoka betri moja kwa moja, hauna fyuzi. Mweupe umepita kwenye swichi ya ufunguo, nao hauna fyuzi. Kijani umepita ufunguo na fyuzi. Zambarau una fyuzi lakini una umeme saa zote. Buluu ni taa kubwa: wenye mstari mweupe ni ful, wenye mstari mwekundu ni dimu. Mwekundu mtupu ni taa ndogo, mweusi ni athi. Kwa gari la umri huu futa kwanza kwa kitambaa chenye spiriti, maana vumbi na grisi zimezifanya zote rangi moja. Na waya wowote usiolingana na lugha hii, uliopita njia yake peke yake, umefungwa na fundi wa baadaye. Huo ushuku kuliko yote. Kwa fundi wa mtaani mwekundu ni chanya, basi.

Kama unashuku shoti, usiteketeze fyuzi za watu kwa kujaribu. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21 na soketi yake, unga nyaya mbili, uichomeke mahali pa fyuzi. Balbu haitaruhusu zaidi ya ampea 2, kwa hiyo hakuna kitakachoungua. Shoti ikiwepo itawaka kwa nguvu. Sasa pita na fungu la waya ukilitikisa kila shubiri moja. Pale balbu itakapofifia au kuzimika, mkono wako uko juu ya ugonjwa. Kwa nyaya zisizo na fyuzi, balbu hiyo hiyo iweke kati ya kichwa cha hasi cha betri na waya wake, ufunguo ukiwa umezimwa.

Kama unashuku kiungio, omu hazitakusaidia, nimekwisha kusema. Pima volti zinazopotea huku kitu kinafanya kazi. Washa taa, weka mita kwenye volti, ncha moja upande huu wa kiungio, nyingine upande wa pili. Kiungio kizima kinaonyesha karibu sifuri, tuseme volti 0.1 au chini ya hapo. Kuanzia betri mpaka balbu, njia nzima, isizidi nusu volti. Fanya vivyo hivyo upande wa athi, kutoka soketi ya balbu mpaka kichwa cha hasi. Watu wanasahau kwamba umeme unarudi.

Mimi haya yote sikuyafanya. Nilimpelekea fundi umeme wa magari, mtu mzima, yuko Ngamiani hapa Tanga. Tulipomaliza kusalimiana swali lake la kwanza lilikuwa:

"Umebadilisha nini karibuni?"

"Hakuna, mzee."

"Hakuna kabisa?"

Nikakaa kimya. Kosa langu la pili la ile safari lilikuwa hili: sikutaka kujishuku mwenyewe. Mficha uchi hazai, nikatoa. Wiki tatu kabla nilibadilisha balbu za taa kubwa, kwa sababu njia ya Pangani ina ng'ombe na baiskeli zisizo na taa.

"Za wati ngapi?"

"Mia, mzee."

Hakugusa kisanduku cha fyuzi. Hakugusa dashibodi. Aliwasha taa ful, akavuta kigoda mbele ya gari, akakaa dakika tano bila kusema neno. Kisha akaanza kunusa kiungio kimoja kimoja karibu na rejeta, taratibu, kama mpishi anayenusa tui kama limechacha. Kwenye cha nne akarudisha kichwa nyuma.

Ni vile viungio vyenye ncha mfano wa risasi, vinavyosukumwa kwenye bomba dogo lenye mfuko wa raba nyeusi. Hapo ndipo waya mmoja wa buluu na mweupe unapogawanyika kwenda taa ya kushoto na ya kulia, kwa hiyo umeme wa taa zote mbili unapita mlango huo mmoja. Mfuko haukuwa mweusi tena, ulikuwa rangi ya kahawa ya maziwa. Akauminya kwa vidole viwili, ukapasuka kama ganda la karanga, na shombo ile ya Kigombe ikanijia puani yote. Ndani ncha ya shaba ilikuwa kijani upande mmoja na nyeusi upande wa pili.

Akanipa mita niisome mwenyewe. Volti 1.7. Taa mbili za wati mia zinavuta karibu ampea 17. Zidisha, unapata kama wati 29. Pasi ya kulehemu ya fundi redio ni ya wati 30. Nilikuwa nimetembea na pasi ya kulehemu iliyowashwa, imefungwa ndani ya raba, sentimita chache kutoka fungu zima la waya. Kiungio hicho kilikuwa kinaoza kwa miaka, na kwa balbu za zamani kilikuwa kinajikaza. Mimi ndiye niliyekisukuma.

Kutengeneza bila kurudi tena mwezi ujao

Kata waya mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Kwetu sisi wa pwani chumvi huingia chini ya ganda na kutambaa. Wangu ulikuwa mweusi urefu wa kidole kizima, na lehemu haishiki kwenye shaba nyeusi hata uimwagie nini. Waya ukibaki mfupi, unga kipande kipya cha unene ule ule au zaidi. Kwa taa kubwa sishuki chini ya milimita 2.5 za mraba.

Usisokote na kufunga tepu. Gundi ya tepu nyeusi kwa joto la Tanga inayeyuka ndani ya msimu mmoja, tepu inafunguka, shaba inabaki uchi. Tumia kichwa kipya kilichobanwa kwa koleo lake, mpira wa kusinyaa juu yake, na ndani pakaa mafuta ya mgando kidogo ili hewa ya bahari isipate mahali. Wakati uko hapo, fungua na viungio vya jirani. Vimezaliwa siku moja.

Balbu nilirudisha za wati 60 kwa 55, na mwanga wa kuonea ng'ombe nikautafuta kwa njia nyingine: rilei mbili za ampea 30, yaani swichi zinazoamshwa kwa umeme mdogo ili zipitishe mkubwa, moja ya ful, moja ya dimu, umeme unatoka betri moja kwa moja kupitia fyuzi ya ampea 15 kwa kila moja. Fyuzi hizo zisikae mbali na betri zaidi ya shubiri, maana kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Swichi ya zamani iliyo kwenye usukani sasa inabeba umeme wa kuamsha rilei tu, chini ya nusu ampea. Taa za wati 60 zinazopata volti zake kamili zinamulika kuliko nilivyotarajia. Zile za mia sehemu ya nguvu yake ilikuwa inapashia moto kiungio na swichi.

Niliongeza na swichi ya kukatia betri, ile ya kuzungusha kwa mkono, ndani ya kufikia kwa dereva. Ni kitu rahisi kuliko vyote nilivyofunga, na usiku ule ningekuwa nayo ningekata umeme wote papo hapo, badala ya kuchungulia fyuzi kwa tochi ya simu.

Baadaye nilikwenda Pangani tena, nikarudi usiku kwa makusudi. Nilipofika nilifungua boneti kabla injini haijapoa, nikaweka mgongo wa kidole kwenye kiungio kipya, kwenye kila rilei, kwenye soketi ya alternata. Vuguvugu la kawaida. Shangazi, aliyekuwa ameshuka na kikapu chake, alinusa mara mbili hewani akasema leo angalau ni samaki kweli.

Mota ya waipa nayo imeanza kukaza. Niliigusa ikiwa ya moto zaidi ya inavyostahili. Hiyo naifungua kabla ya masika.